Poni na Maswali ya Kazi

Katika mtaa wa Oli, mjini Arua, watu wakitaka viti vya msiba au sufuria kubwa za arusi, walikwenda kwa mwanamke aitwaye Night Poni. Vitu hivyo vilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wa mtaa, ambao walivikodisha. Viliwekwa katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya Poni, na ufunguo ulikaa kwake. Poni hakulipwa. Aliona ni jambo la ujirani tu, kama kumpa mwenzako chumvi ikimwishia.

Asubuhi moja Poni alimaliza kumwogesha mama mkwe wake, Driwaru. Alimketisha nje, juani, akamfunika miguu kwa kitenge. Driwaru aliwahi kuteleza kisimani akavunjika nyonga. Wakati huo Poni alikuwa akifanya kazi katika duka la mbegu na dawa za shamba. Aliacha kazi hiyo ili amtunze. Sasa Driwaru alianza kutembea kidogo kwa fimbo, akilalamika kila alipoinua mguu.

Simu ikalia. Poni akafuta mikono, akapokea.

"Ni wewe Night Poni? Uliomba kazi ya kutunza stoo yetu Koboko. Njoo kwa intavyu Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi."

Ilikuwa kampuni inayonunua simsim, yaani ufuta, na mahindi kwa wakulima. Poni alisema asante, kisha akasimama pale pale na simu mkononi.

Mume wake, Afedra, alikuwa mwashi. Alikuwa akitafuta mwiko wake ili aende kujenga.

"Nani alipiga?" aliuliza.

"Watu wa Koboko. Wananiita kwa intavyu."

"Habari nzuri hiyo! Mbona uso iko hivyo?"

"Umesahau ile intavyu nyingine?" Poni akasema. "Nitakwenda kuaibika mara ya pili."

Afedra hakuwa amesahau. Mapema mwaka huo Poni aliitwa kwa mahojiano katika ofisi moja hapo Arua. Walimwambia, "Tueleze kuhusu wewe." Poni akaanza mbali. Alisema alizaliwa Lurujo, kule Koboko. Baba yake alikuwa askari, walihama kambi hadi kambi. Akataja ndugu zake mmoja mmoja. Kabla hajafika kwa kitinda mimba, mwulizaji alitazama saa yake.

Walimuuliza, "Udhaifu wako ni nini?" Akajibu, "Sina."

Wakauliza, "Miaka hii yote ulikuwa wapi?" Akajibu, "Nilikaa tu nyumbani."

Mwisho wakauliza, "Kwa nini tukupe kazi hii?" Poni alisema, "Naomba mnisaidie. Nyumbani kuna shida nyingi."

Walimshukuru kwa upole. Hawakumpigia simu tena.

Jioni ya siku ile ya simu, shemeji yake Asiku, ndugu wa Afedra, alikuja kuwasalimu. Asiku alipenda mambo ya simu. Aliposikia habari ya Koboko, alicheka.

"Shemeji, hiyo ni kitu kidogo. Majibu yote iko kwa intaneti. Nitakutumia. Wewe shika tu kwa kichwa."

Akamtumia majibu marefu. Tangu kesho yake Poni aliyakariri akifagia, akipika, akisugua sufuria za kikundi. Aliyasema kwa sauti ili yasipotee.

"Mimi ni mtu mwenye ari na maono. Ninafanya kazi vizuri chini ya shinikizo. Udhaifu wangu ni kwamba ninafanya kazi kupita kiasi."

"Poni! Unazungumza na nani?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, Kevina, aliyesimama upande wa pili wa uzio akianika nguo. Kevina alikuwa amestaafu. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika ofisi ya kuajiri watu ya hospitali moja. Yeye na wenzake ndio waliowahoji wauguzi, madereva, walinzi na wapishi.

"Nazungumza na watu wa Koboko, mama," Poni akasema. "Alhamisi wataniuliza maswali. Asiku amenipa majibu."

"Hilo shinikizo ni nini?"

Poni akaacha kusugua. Akaangalia sufuria.

"Sijui vizuri, mama."

"Na wao wakikuuliza, utawaambia wampigie Asiku?"

Poni alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Kevina aliona. Akaacha nguo zake, akazunguka uzio, akaja kuketi karibu na Driwaru.

"Sikiliza, mwanangu. Nilikaa nyuma ya ile meza miaka mingi. Hilo jibu la kufanya kazi kupita kiasi nililisikia asubuhi, nikalisikia tena mchana. Ilipofika jioni, sikukumbuka nani alilisema. Yote yalifanana kama mayai. Lakini yule aliyesema jambo lake mwenyewe, huyo nilimkumbuka."

"Jambo gani? Mimi sina jambo," Poni akasema.

"Tutaona. Kwanza ujue hivi. Wale watu hawakai pale kukutega. Wana kazi, wanatafuta mtu wa kuifanya. Wakisema, 'Tueleze kuhusu wewe,' hawaulizi umezaliwa na nani. Wanauliza ni nini ulichofanya kinachofaa kazi hii. Wakisema, 'Kwa nini tukupe kazi?' hawataki kujua shida zako. Kila aliye pale nje ana shida. Wanataka kujua utawafaa nini."

Poni alivuta kigoda akaketi.

"Haya, tujaribu," Kevina akasema. Akanyoosha mgongo na kukunja uso kama mkubwa wa ofisi. "Bi Poni, uliacha kazi ya dukani miaka kadhaa sasa. Tangu hapo umekuwa ukifanya nini?"

Poni akainamisha kichwa. "Nilikaa tu nyumbani."

Fimbo ya Driwaru ikagonga chini, pa!

"Kaa tu?" mama mkwe akasema. "Kaa tu namna gani? Wakati mimi nalala kitandani kama gogo, nani alikuwa nageuza mimi usiku, vidonda isikamate mgongo? Nani alinipeleka hospitali? Nani alijua dawa hii ni ya asubuhi, hii ni ya jioni? Hata mtoto wangu Afedra hajui! Kama ile ni kukaa tu, basi mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nacheza."

Poni alimtazama mama mkwe wake. Miaka yote hiyo Driwaru hakuwahi kusema asante. Alilalamika tu: maji ni baridi, uji ni mwepesi, mkono wako ni mzito. Poni alidhani hakuona.

"Nisamehe, mama," Poni akasema polepole. "Niliona aibu. Mtu asiye na mshahara anajiona hana kazi."

"Aibu ya nini?" Driwaru akasema, akageuza uso upande mwingine na kufuta macho kwa ncha ya kitenge.

Kevina akamshika Driwaru bega. Kisha akasema, "Mama Driwaru amejibu vizuri kuliko sisi. Sasa Poni, sema hivyo kwa maneno yako. Kwa kifupi. Bila kulia, bila kuomba msamaha. Halafu uwaambie sasa mambo yako vipi nyumbani."

Poni akafikiri. "Niliacha kazi ili nimtunze mama mkwe wangu aliyevunjika nyonga. Nilisimamia dawa zake na safari zake za hospitali. Sasa anatembea, na mimi niko tayari kurudi kazini."

"Umeona? Maneno machache, na yote ni ya kweli. Je, ni hayo tu uliyofanya? Ile stoo hapo nyuma ni ya nani?"

"Ile? Ile si kazi, mama. Ni viti vya kikundi."

"Fungua mlango nione."

Wakaenda nyuma ya nyumba. Ndani viti vya plastiki vilipangwa kimoja juu ya kingine. Sufuria zilifuatana toka kubwa hadi ndogo. Turubai zilikunjwa na kuwekwa juu ya mbao ili mchwa wasizile.

"Vikundi vyote hapa Oli vina viti kama hivi," Kevina akasema. "Unajuaje hivi ni vyenu?"

Poni alichukua kiti kimoja akakipindua. Chini yake palikuwa na alama ya rangi ya buluu.

"Zamani, baada ya msiba mkubwa, viti vyetu vilichanganyika na vya watu wengine," akaeleza. "Tulirudishiwa vilivyopasuka. Akina mama wakaanza kugombana. Basi nikaweka rangi chini ya kila kiti. Na mtu akija kuchukua, tunahesabu pamoja, mimi na yeye. Akirudisha, tunahesabu tena pamoja. Tangu hapo ugomvi umekwisha."

Kevina akapiga makofi. "Na bado unasema huna jambo! Palikuwa na tatizo. Wewe ukafanya kitu. Kikaleta matokeo. Ukiulizwa swali lolote, toa kisa cha namna hiyo. Usiseme tu 'mimi ni mwaminifu, mimi ni hodari.' Kila mtu anasema hivyo, hata mwizi. Wewe eleza ulichofanya, na wao wenyewe watasema, huyu ni hodari."

Wakarudi kuketi. Sasa Poni alikuwa na hamu ya kuuliza.

"Na swali la udhaifu, mama? Nikisema ukweli si wataninyima kazi?"

"Ukisema huna udhaifu, wanajua unadanganya. Taja udhaifu wa kweli, lakini useme pia unafanya nini kuurekebisha. Wewe unashindwa wapi?"

"Kompyuta. Dukani tuliandika kwa mkono tu."

"Na unafanya nini juu ya hilo?"

"Sifanyi kitu."

"Basi anza kesho, ili Alhamisi usiwadanganye watu."

Poni hakungoja. Kesho yake alikwenda kwa rafiki yake Juliet, aliyekuwa na duka la kuchapa karatasi karibu na soko. Alimwomba amfundishe. Kila jioni, wateja wakipungua, Juliet alimweka mbele ya kompyuta. Mwanzoni Poni alitafuta herufi moja kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Lakini hadi mwisho wa juma aliweza kuandika majina ya mazao na idadi ya magunia katika mistari yake.

Kevina alimwambia pia aijue kampuni. "Mtu hawezi kuposa nyumba asiyoijua," alisema. Poni akampigia simu dada yake, Paska, aliyelima simsim kule Lurujo na kuiuzia kampuni hiyo.

"Simsim yenye unyevu hawataki kabisa," Paska akasema. "Wanapima kwanza. Ikiwa na unyevu, unarudi nayo nyumbani. Wakulima wanalia, hasa mvua ikinyesha."

Poni aliweka maneno hayo moyoni.

Palibaki swali moja, na hilo Kevina hakuweza kulijibu. "Watakuuliza utakaa wapi," alisema. "Koboko si karibu. Hilo mlizungumze ninyi wenyewe, kabla ya kwenda. Usiende kulifikiria mbele yao."

Usiku wakati wa chakula Poni aliwaeleza jambo hilo. "Nikipata kazi, siku za kazi nitalala kwa Paska. Jumamosi nitakuja. Lakini mama je?"

Afedra aliweka tonge chini. "Wewe ulimbeba wakati hawezi hata kukaa. Sasa ni mama yangu, ni zamu yangu. Nitachukua kazi za hapa karibu tu. Kupika pia nitapika."

"Wewe upike?" Driwaru akauliza. "Mungu atusaidie." Kisha akamgeukia Poni. "Nenda, mtoto wangu. Mguu ni wangu. Si wako."

Jumatano Poni alikwenda kulala kwa Paska, ili asubuhi asihangaike na barabara. Alhamisi alifika Koboko mapema. Alivaa gauni safi la kawaida na viatu visivyombana. Nje ya ofisi walikuwa wamekaa watu wengine wanaotaka kazi ile ile. Kijana mmoja alikuwa na shahada. Poni alijikumbusha kwamba visa vyake hakuna mwingine aliyekuwa navyo.

Alipoitwa, alikuta watu wawili: meneja, Saturnino, na mhasibu, Agnes Keji. Aliwasalimu, akangoja aambiwe akae. Waliuliza mengine kwa Kiingereza na mengine kwa Kiswahili, kwa sababu wapakiaji na madereva wa pale walizungumza Kiswahili. Poni alikuwa amejizoeza kwa lugha zote mbili.

"Tueleze kuhusu wewe," Saturnino akasema.

"Naitwa Night Poni. Nilifanya kazi katika duka la mbegu na dawa za shamba Arua. Nilipokea mali na kuipanga. Kisha nikaacha ili kumtunza mama mkwe wangu aliyevunjika nyonga. Sasa anatembea. Wakati huo huo nimetunza stoo ya kikundi cha akina mama, na bado naitunza. Nataka kazi hii kwa sababu kupokea mali, kuilinda na kuitoa kwa mpango ndicho ninachokijua."

Agnes Keji aliuliza kuhusu stoo hiyo. Poni alieleza habari ya viti na rangi. Aliulizwa udhaifu, akataja kompyuta, na akasema alichoanza kujifunza. Waliuliza atakaa wapi, naye akajibu bila kusita. Mambo yalikwenda sawa.

Ndipo Saturnino akaweka mikono mezani.

"Bi Poni, sikiliza hili. Mimi sipo, nimesafiri. Anakuja mtu wa familia yako na gari. Anataka magunia mawili ya mahindi. Anasema, 'Nipe sasa, karatasi ya ruhusa nitaleta kesho.' Utafanya nini?"

Swali hilo Poni hakuwa amejiandalia. Kevina hakulitaja. Angeweza kusema haraka, "Nitakataa," kama mtu yeyote. Akakumbuka Kevina alivyomwambia kwamba kunyamaza kidogo si dhambi.

"Naomba nifikiri kidogo," akasema.

"Fikiri."

Kilichomjia akilini kilikuwa kisa alichokiacha nyumbani makusudi, kwa sababu kilimhusu shemeji yake.

"Jambo kama hilo limewahi kunipata," akasema. "Ndugu ya mume wangu alitaka viti kwa sherehe ya rafiki yake. Mwenyekiti wetu hakuwepo. Akasema, 'Wewe ni shemeji yangu, fungua tu.' Nilimwambia viti si vyangu, mimi nina ufunguo tu. Nikampigia mwenyekiti simu mbele yake. Mwenyekiti akakataa, kwa sababu viti vilikuwa vimeahidiwa kwa msiba. Shemeji alikasirika, hakukanyaga kwangu hadi Pasaka. Iliniuma. Lakini msiba ulipata viti. Hapa pia ningefanya hivyo. Ningekupigia wewe simu mbele yake. Bila ruhusa na karatasi, gunia halitoki. Na ningemwambia kwa heshima, maana ni mtu wangu."

Saturnino na Agnes Keji wakatazamana.

"Na sasa mnaelewana na huyo shemeji?" Agnes Keji akauliza.

"Ndiyo. Yeye ndiye aliyenitumia majibu ya intavyu kutoka kwa simu," Poni akasema. "Lakini nimeyaacha."

Wote wawili wakacheka. Kisha wakamuuliza kama ana swali. Poni aliuliza, "Nimesikia simsim yenye unyevu inarudishwa. Je, kuna mahali wakulima wanaweza kuianika hapa? Kwa sababu unyevu ukiingia stoo, hata mali kavu inaoza."

"Bado hapajajengwa," Saturnino akasema. "Ni jambo tunalolifikiria."

Poni aliwashukuru, akatoka. Hakujua kama amepita. Lakini safari hii hakuwa na neno alilotamani kulirudisha mdomoni.

Wiki iliyofuata simu ililia tena. Alikuwa Saturnino.

"Tuliwahoji watu wengi," alisema. "Karibu wote walituambia ni waaminifu. Wewe ulitueleza siku uliyokataa kumpa viti shemeji yako. Anza kazi Jumatatu. Mwezi wa kwanza Agnes Keji atakufundisha kompyuta yetu."

Poni alikimbilia kwenye uzio akimwita Kevina, na simu bado haijakatwa.

Alianza kazi. Wapakiaji walimzoea haraka, wakajua kwamba gunia halipiti mlangoni bila kuhesabiwa na watu wawili. Akina mama wa kikundi walimpa ufunguo mama mwingine, na Poni akamwonyesha jinsi ya kuhesabu. Asiku naye aliacha kutafuta majibu ya watu. Alipoitwa kwa intavyu ya udereva, alikwenda kwa Kevina na kumsimulia siku breki zilipomkatikia mlimani. Alipata kazi hiyo.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuanza kazi, Poni alirudi Oli jioni. Alimkuta Afedra jikoni, jasho likimtiririka, akisonga enya ya unga wa muhogo kana kwamba anakoroga saruji. Kiti cha Driwaru pale nje kilikuwa kitupu. Poni akashtuka.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa Kevina," Afedra akasema. "Kila siku anakwenda kule."

"Nani anampeleka?"

"Hakuna mutu. Anakwenda peke yake na fimbo. Anakwenda kushtaki chakula changu."

Poni akatega sikio. Kutoka upande wa pili wa uzio alisikia sauti ya mama mkwe wake, kali na yenye nguvu, ikieleza ugumu wa ile enya kutoka mwanzo hadi mwisho.